Je, magazeti na redio za dunia yote zinakuwa namna moja?

Mafrateri wawili walitujia na mabishano yao. Wa kwanza alikuwa amesikiliza habari za asubuhi ku redio moja ya hapa Bunia, kisha akasikiliza habari za Ulaya ku telefone yake. Akasema: « Ni kitu kimoja. Wimbo mudogo wa kuanzia, vichwa vitatu vya habari, sauti ya mutu aliyeona kwa macho yake, michezo, basi. Kesho hatutajua tena kama tuko Ituri ao Paris. » Wa pili alikataa kabisa: redio ya Bunia ni ya Bunia, hata ikivaa koti la Paris. Walitaka tuwaamue palepale. Tuliwaomba siku chache, kwa sababu swali hilo limekwisha kuandikiwa vitabu vinene, nasi tulikuwa na kimoja mezani ambacho hatukukimaliza.

Kitabu hicho ni cha Daniel Hallin, mutu wa Marekani, na Paolo Mancini, mutu wa Italia. Kilitoka mwaka 2004, na jina lake ni Comparing Media Systems. Hao wawili walitazama inchi 18 za Ulaya ya magharibi na Amerika ya kaskazini, wakazigawa katika jamaa tatu. Jamaa ya kwanza ni inchi za kusini, kama Italia, Hispania, Ugiriki na Ureno, na Ufaransa pembeni yao: huko magazeti husomwa na watu wachache, yako karibu na vyama vya siasa, na mukono wa serikali hauko mbali. Jamaa ya pili ni Ujerumani, Ubelgiji, Uholanzi na inchi za kaskazini: huko magazeti yalisomwa sana, kila chama na kila sendika na hata Kanisa lilikuwa na gazeti lake, lakini kazi ya mwandikaji ilikuwa na sheria zake zilizoheshimiwa na pande zote. Jamaa ya tatu ni Marekani, Uingereza, Kanada na Irlandi: huko gazeti ni biashara, linaishi kwa matangazo ya bidhaa, na mwandikaji anajisifu kwamba hana upande.

Katika sura za mwisho wanasema kwamba jamaa ya tatu inaendelea kuzimeza zile mbili. Biashara iliingia katika televizyo za Ulaya, vyama vya siasa vikazaifika, na makanisa yakapoteza nguvu juu ya watu wao. Inafaa tuwatendee haki: hawasemi kwamba kazi imekwisha. Wanaweka mipaka, wanasema sheria na siasa za kila inchi zitaendelea kutofautiana. Lakini wengi waliosoma nyuma yao walichukua neno na kuiacha mipaka, na leo utasikia ku mikutano mingi kwamba dunia imekuwa kijiji kimoja chenye gazeti moja.

Padiri anayesoma kitabu hiki anasimama pale wanapotaja makanisa, kwa sababu hapo tunatajwa sisi. Uholanzi, mukatoliki wa zamani alisoma katika shule ya kikatoliki, akajiandikisha katika sendika ya kikatoliki, akasikiliza redio ya kikatoliki, na asubuhi akafungua gazeti la kikatoliki. Gazeti moja la namna hiyo lilikuwa De Volkskrant. Mwaka 1965 liliondoa neno « katoliki » katika kichwa chake. Hakuna askari aliyelilazimisha. Wasomaji wenyewe walikuwa wakitoka polepole katika nyumba ile ya zamani, na gazeti likawafuata.

Tuangalie sasa upande wetu. Wamisionari wa Ubelgiji walituletea utaratibu uleule wa jamaa ya pili. Léopoldville kulikuwa na Le Courrier d'Afrique, gazeti la upande wa wakatoliki. Mwaka 1956 kundi la vijana wakristu waliokuwa karibu na Padiri Joseph Malula lilitoa ule waraka wa Conscience Africaine, nao ukawa kati ya maandiko ya kwanza ya wakongomani kuomba uhuru wa inchi yao mbele ya watu wote. Baadaye likaja Afrique Chrétienne. Yote hayo yalikwenda wapi? Mwaka 1972, katika ugomvi wa Rais Mobutu na Kardinali Malula juu ya « otantisite », Afrique Chrétienne lilifungwa, na mwaka uliofuata magazeti mengine ya dini yakapigwa marufuku. Wasomaji wetu hawakuwa wametuacha. Walikuwa wakingoja gazeti lao, na gazeti halikufika.

Basi mutu anayehesabu makaburi tu atasema: angalieni, Uholanzi gazeti la Kanisa limetoweka, Kongo vilevile limetoweka, kwa hiyo dunia inakwenda njia moja. Hapa ndipo tunapowakatalia wale wanaolitumia neno la kitabu hiki bila mipaka yake. Wanaangalia matokeo, hawaulizi sababu. Kila frateri wa mwaka wa kwanza wa filozofia anajua kwamba vitu viwili vinaweza kuwa na rangi moja na urefu mumoja bila kuwa kitu kimoja. Mutakatifu Thoma angewauliza swali moja tu: kinachokifanya kitu hiki kuwa kitu hiki ni nini? Kwa gazeti na redio, jibu letu ni hili: ni nani anayelipa, na ni nani anayeweza kumuazibu mwandikaji. Wimbo wa kuanzia habari ni rangi ya ukuta.

Baada ya hotuba ya Mobutu ya tarehe 24 Aprili 1990, magazeti yalichipuka Kinshasa kama majani wakati wa mvua, na redio na televizyo za watu binafsi zikafuata. Kwa nje, ni jamaa ya tatu kabisa. Jean-Pierre Bemba alikuwa na televizyo yake, Canal Congo, kama vile Silvio Berlusconi alivyokuwa na za kwake Italia. Wengine wamewalinganisha. Lakini televizyo za Berlusconi zilikula matangazo ya sabuni na ya magari. Zilimutajirisha mwenyewe mbele hajaingia katika siasa. Kinshasa, nani atanunua matangazo? Bia, kampuni za telefone, basi imekwisha. Kwa hiyo televizyo ya kwetu inakula katika mufuko wa mwenyewe, na mwenyewe anataka kiti. Siku akipata kiti ao akikikosa, mushahara unasimama. Ni mashua mbili za rangi moja, lakini moja ina injini, ingine inavutwa kwa kamba.

Mwandikaji asiyepata mushahara anakula nini? Anakula kwa yule anayeandikiwa. Kinshasa wanaiita « kupaje »: ukimwita kwenye mukutano wako, unamupa bahasha wakati wa kuagana. Marie-Soleil Frère, profesa wa Université libre de Bruxelles aliyefariki mwaka 2021, alitumia maisha yake kuchunguza magazeti na redio za Afrika ya kati. (Chuo kile si cha Kanisa, wazee wetu walituonya juu yake, lakini alikuja akaona, na wengi wanaotuandika hawakuja.) Anayetaka kujua namna habari zinavyofanyika katika inchi yetu atafute maandiko yake. Juu ya bahasha tutarudi, kwa maana ina njia inayopita ndani ya sakristia.

Tena kuna Radio Okapi. Ilianza tarehe 25 Februari 2002, kazi ya Umoja wa Mataifa pamoja na Fondation Hirondelle ya Uswisi. Inasema kifaransa, lingala, kiswahili, kikongo na tshiluba. Kwa ufundi wa kazi, hakuna redio ya kwetu iliyokaribia zaidi ile jamaa ya tatu: inauliza pande mbili, haisifu mutu bure, inasahihisha kosa lake. Lakini haiishi kwa biashara. Inaishi kwa feza za Umoja wa Mataifa, pamoja na askari wa kofia za buluu. Redio yenye tabia ya London isiyokuwa na sokoni pa kuuza, tutaiweka katika jamaa gani? Tangu askari wa MONUSCO walipoondoka Kivu ya kusini mwezi wa Juni 2024, wasikilizaji wengi wamejiuliza nani atakayeilipa siku ile wa mwisho atakapopanda ndege. Mutu wa London hajiulizi hivyo juu ya gazeti lake.

Kuna jambo moja ambalo tunamukubalia frateri wetu wa kwanza, nalo si dogo. Tulioishi Ituri wakati wa vita ya 2002 na 2003 tunalikumbuka. Muji wa Bunia ulipita katika mikono mingi: UPC, jeshi la Uganda, UPC tena, kisha wafaransa wa Artémis. Aliyeshika muji alitaka kushika redio pia. Hata Radio Candip, iliyozaliwa kwa kazi ya mafundisho, haikuachwa nje ya vita. Ndipo wageni wakafika na mashine zao, na gafula dunia yote ilisema juu yetu neno moja: Wahema na Walendu, kabila na kabila, Rwanda ya pili. New York, Nairobi, Brussels, lilikuwa lilelile, kwa sababu wote walinunua habari ku maduka matatu ao mane: AFP, Reuters, AP. Kabila lilikuwamo, hatukatai. Tuliwazika watu wetu. Lakini zahabu ya Mongbwalu ilikuwamo pia, na bunduki zilizovuka mupaka zilikuwamo. Tarehe 19 Desemba 2005 Mahakama ya Haki ya Kimataifa ya La Haye ilisema wazi kwamba Uganda ilikuwa imeikalia Ituri kwa nguvu na kwamba inapaswa kulipa. Na mwaka 2022 ikaweka hesabu ya dola milioni 325. Waulizeni wakristu wa parokia zenu kama walisikia hukumu ile kwa sauti kubwa kama walivyosikia « kabila na kabila ». Basi ndiyo, katika namna ya kutusimulia, dunia inafanana. Tuliosimuliwa hatukuchagua mufano huo.

Lakini tendeni kinyume: chukueni neno moja, mulipeleke pahali pawili, muone. Tarehe 1 Agosti 2018 Ebola ilitangazwa katika Kivu ya kaskazini, ikafika Ituri, ikadumu hata tarehe 25 Juni 2020, ikaua watu zaidi ya 2.200. Maneno ya kuikinga yalikuwa mamoja kila pahali: osheni mikono, musiguse maiti, kubalini chanjo. Yalitungwa kwa lugha ya Geneva, yakatafsiriwa, yakafika ku redio ndogo za vijiji, zile zinazofanya kazi na paneli mbili za jua na mutangazaji anayelima muchana. Redio ya Lwemba, katika teritwari ya Mambasa, ilikuwa moja yao. Papy Mumbere Mahamba alikuwa mutangazaji pale, na katika vipindi vyake aliwahimiza watu wapigane na ugonjwa ule. Usiku wa tarehe 2 Novemba 2019 watu walimuingilia nyumbani, wakamuua, wakamujeruhi muke wake, wakachoma nyumba.

Mutangazaji wa Geneva alisema maneno yaleyale, akarudi kwake kwa tramwei, akalala. Tofauti yao haikuwa katika ufundi wa kutangaza, wala katika yale waliyotangaza. Ilikuwa katika yale watu wa Lwemba waliyokwisha kuona mbele: miaka mingi waliuawa na hakuna aliyekuja, kisha ugonjwa ukatokea na magari meupe yakaja kwa mistari, na feza nyingi, na askari. Katika mambo hayo wengi waliona biashara. Sauti iliyosema « kubalini chanjo » ilionekana kuwa sauti ya magari. Mahamba alikuwa jirani yao, aliwasemea kwa kinywa chake mwenyewe, na wauaji walisikia ndani yake wageni. Kitabu kizima juu ya utaratibu wa habari kisichoweza kueleza usiku ule kimesahau kitu cha lazima. Miaka miwili haikupita, tarehe 14 Agosti 2021, wakamuua Joël Mumbere Musavuli, mukubwa wa redio ya Biakato, katika teritwari ileile ya Mambasa.

Kinshasa vilevile, kwa namna nyororo zaidi. Stanis Bujakera aliandikia Actualité.cd, aliandikia Reuters, aliandikia Jeune Afrique. Kwa kazi, ni ndugu wa mwandikaji yeyote wa Paris ao London. Mwezi wa Septemba 2023 alikamatwa juu ya habari moja ya Jeune Afrique ambayo haikuwa hata na jina lake chini, akakaa gerezani hata mwezi wa Machi 2024. Gazeti liko Paris, gereza liko Makala.

Tuongeze neno kwa wale wanaotuambia tungoje tu, kwamba polepole Kongo itafika pale Marekani ilipo. Wanamaanisha Marekani ya mwaka gani? Mwaka 2013 tajiri mumoja wa biashara, Jeff Bezos, alinunua Washington Post. Mwezi wa Oktoba 2024 gazeti lile lilinyamaza, likaacha desturi yake ya kusema linamuunga mukono nani kuwa rais, na wasomaji wengi wakalikimbia. Mwezi wa Machi 2025 serikali ya Marekani iliwatuma nyumbani watangazaji wa Sauti ya Amerika, redio ambayo wazee wa Bunia waliisikiliza kwa kiswahili jioni baada ya BBC. Tajiri mwenye gazeti, serikali inayofunga redio: mambo hayo tunayajua kwetu tangu zamani. Ikiwa kweli dunia inakuwa namna moja, pengine mwalimu ndiye anayemufuata mwanafunzi. Tunasema hivyo kwa kucheka kidogo, wala si kwa furaha.

Sasa ile bahasha.

Mwaka uliopita tulikuwa kwenye sherehe moja ya upadirisho, parokia hatuitaji. Tuliketi karibu na mutunza-sanduku, naye alikuwa na bahasha tano, juu ya kila moja ameandika « ya njia ». Zilikuwa za watangazaji watano wa redio tano. Wawili kati yao wanakaa nyuma ya kanisa, walifika kwa miguu. Pamoja na bahasha walipewa karatasi moja tuliyokuwa tumeiandika sisi wenyewe usiku, yenye majina ya mapadiri wapya, maneno ya askofu, hesabu ya waumini, shukrani kwa wenye mamlaka. Jioni tulifungua redio. Ya kwanza ilisoma karatasi yetu. Tukageuza: ya pili ilisoma karatasi yetu, pamoja na kosa letu la tarehe. Zote tano, sentensi kwa sentensi. Hakuna hata moja iliyosema kwamba njia ilikuwa imefungwa juu ya usalama tangu siku mbili, na kwamba wakristu wa mashirika matatu ya mbali hawakufika, hata mama wa mumoja wa wale mapadiri wapya. Karatasi yetu haikusema hivyo.

Mafrateri wetu walikuwa wakitafuta redio zinazofanana. Tuliwasimulia hizo tano. Hazikufananishwa na Marekani wala na biashara wala na intaneti. Zilifananishwa na sisi, kwa feza ya sadaka, na tulifanya hivyo bila kuona aibu kwa sababu sherehe ilikuwa nzuri. Mutaguso wa Vatikano wa pili, katika Inter Mirifica ya tarehe 4 Desemba 1963, ulikiri kwamba watu wana haki ya kupewa habari za kweli na kamili. Tunaifundisha hati ile katika masomo ya mafundisho ya jamii. Hatujaisoma kwa mutunza-sanduku.

Wakatekista watatuambia kwamba ni rahisi kusema. Ni kweli. Mutangazaji ana watoto, na redio yake haimulipi. Tukimunyima bahasha tunamunyima chakula cha jioni, na tukimupa tunanunua ulimi wake. Wazo letu ni kwamba parokia iende mbele ya siku ku ofisi ya redio, ilipe tangazo la sherehe kama tangazo, kwa bei iliyoandikwa ukutani, ipewe risiti, na feza ziingie katika sanduku la redio. Kisha siku ya sherehe mutangazaji aje na mikono mitupu, aulize anachotaka, hata juu ya njia iliyofungwa. Upadirisho mwingine unakuja mwezi wa nane. Tulimupelekea mutunza-sanduku wazo hilo. Alitusikiliza vizuri, akafunga daftari lake, akauliza: « Na kama hawatakuja? »

Hatukuwa na jibu. Bado tunalitafuta, na mwezi wa nane hauko mbali.